Ukristo umeleta amani au umemwaga damu? Jibu kwa msomaji aliyeulizwa rula yake kapewa na nani

Msomaji ameniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mkristo, na kazini nina mwenzangu asiye na dini ambaye tunaheshimiana sana. Juzi tulibishana. Alinitajia Vita vya Msalaba, biashara ya watumwa na Rwanda, akasema Ukristo umeua watu wengi kuliko uliowaokoa. Nikamjibu kwamba waliofanya hayo hawakuwa Wakristo wa kweli. Akaniuliza, 'Rula ya kuwapima wa kweli na wa uongo kakupa nani?' Nikakosa la kusema. Nakuuliza wewe uliyefundisha historia ya Kanisa: Ukristo umeiletea dunia amani, au umwagaji damu?"

Marahaba, mwanangu. Jibu nalitanguliza ili usihangaike kulitafuta hadi chini: umeleta vyote viwili. Sisemi hivyo ili kumridhisha kila mtu. Damu iliyomwagwa kwa jina la Kristo ni nyingi na imeandikwa, na amani iliyopatikana kwa jina hilohilo nayo imeandikwa. Ila viwili hivi havikupita njia moja, na anayesoma kwa subira anaona kabisa njia zilipoachana. Hapo ndipo nataka nikupeleke, maana hapo ndipo ilipo pia rula uliyoulizwa.

Lile jibu lako la "hawakuwa Wakristo wa kweli" liache. Walioingia Yerusalemu mwaka 1099 katika Vita vya Msalaba na kuwachinja Waislamu na Wayahudi waliowakuta mjini walikuwa wamebatizwa, wameweka nadhiri, wameshonewa misalaba kwenye nguo zao na kubarikiwa na maaskofu wao. Sisi tukitaja hospitali, shule na nyumba za yatima tunasema kwa fahari kwamba Kanisa limejenga. Basi likipatikana kaburi la halaiki, na aliyelijaza ni mbatizwa, hatuna ruhusa ya kugeuka na kusema hilo si letu. Mtu havuni nusu ya shamba akaikana nusu ya pili kwa kuwa imeota magugu.

Wako pia watakaokushauri umtajie Stalin wa Muungano wa Kisovieti, Mao wa China na Pol Pot wa Kambodia. Ni kweli tawala zao zilizoipiga vita dini ziliua mamilioni, na hilo linamtosha mtu anayedhani kwamba dini ikiondoka ukatili nao utafungasha. Lakini hujaulizwa habari zao. Umeulizwa za nyumbani kwako.

Jibu linalonisumbua zaidi ni lile ambalo hata wasomi hulitumia: tusiwahukumu watu wa kale kwa macho ya leo, zama zao zilikuwa hivyo. Hili historia yenyewe inalikataa, na nitakuonyesha kwa kisa ambacho nimekifundisha mara nyingi na kila mara kimenigusa upya.

Ni mwaka 385, katika mji wa Trier, ambao leo uko Ujerumani na wakati ule ulikuwa makao ya kaisari wa upande wa magharibi. Ilikuwa imepita miaka 72 tu tangu Wakristo waruhusiwe kuabudu kwa uhuru katika Dola ya Kirumi, na mitano tangu imani yao itangazwe kuwa dini ya dola. Wazee waliokuwa hai walisimuliwa na wazazi wao jinsi Wakristo walivyotupwa gerezani na kuuawa. Mbele ya Kaisari Maximus akaletwa Priscillian, askofu kutoka Hispania aliyefundisha maisha ya kujinyima kupita kawaida. Mashtaka yaliandikwa kuwa ni ya uchawi. Waliomfungulia mashtaka hayo walikuwa maaskofu wenzake.

Akatokea Martino, askofu wa Tours katika Ufaransa ya leo, mtu aliyewahi kuwa askari wa Kirumi kisha akaacha jeshi kwa ajili ya imani. Alimsihi kaisari asimwage damu. Kama maaskofu wameona huyu ni mzushi, alisema, wamtoe kanisani, hiyo inatosha. Kaisari akaahidi. Martino akaondoka na ahadi ikaondoka naye: Priscillian na baadhi ya wafuasi wake wakakatwa vichwa. Ilikuwa mara ya kwanza mtawala Mkristo kumuua Mkristo katika shauri lililoanzia kwenye tofauti ya mafundisho.

Kisa hakiishii hapo. Maximus alipanga kutuma askari Hispania wakawasake wafuasi waliobaki. Martino alirudi Trier, na safari hii akakataa kushiriki meza ya Bwana pamoja na maaskofu walioshtaki. Kaisari akampa sharti: shiriki nao, nami nitawazuia askari. Martino akakubali, siku moja tu, na msako ukasitishwa. Aliyeandika habari zake, mtu aliyemfahamu, anasema kwamba njiani kurudi alibaki nyuma ya wenzake msituni akijilaumu, na kwamba kwa miaka 16 iliyobaki ya maisha yake hakuhudhuria tena mkutano wowote wa maaskofu.

Tazama sasa. Mwaka ni uleule, Biblia ni ileile, ubatizo ni uleule. Chumba kimoja kina maaskofu wanaodai kichwa cha mtu na askofu anayesema haiwezekani. Nani wa kuniambia zama zilikuwa hivyo? Zama zilikuwa hivyo kwa wote, na mmoja alikataa.

Ukishaijua habari ya Trier, utaanza kuiona kila mahali. Mwaka 782, kule Verden katika Ujerumani ya leo, kumbukumbu za utawala wa Wafranki wenyewe zinasema mfalme wao Karolo Mkuu aliwaua Wasaksoni 4,500, watu wa kabila lililokuwa bado na dini yake ya jadi, kisha sheria yake ikaweka adhabu ya kifo kwa Msaksoni anayekataa kubatizwa. Alcuin, mwalimu wa jumba lake, alipinga kwa maandishi: mtu unaweza kumlazimisha abatizwe, aamini huwezi. Mwaka 1096 makundi yaliyokuwa yakijiandaa kwa Vita vya Msalaba yaliwageukia Wayahudi wa bonde la mto Rhine. Mjini Speyer askofu aliwaweka chini ya ulinzi wake, na waliouawa walikuwa 11. Mjini Worms na Mainz, mwezi uohuo, walikufa mamia kwa mamia, wakiwemo waliokuwa wamekimbilia kwenye makazi ya maaskofu. Na mwaka 1511 kule Santo Domingo, katika visiwa vya Karibi, Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, mtawa Mdominiko Antonio de Montesinos alipanda mimbarini akawauliza wakoloni wa Kihispania, gavana wao akiwepo, kama wenyeji wanaowafanyisha kazi hadi kufa si binadamu wenye roho. Wakubwa wakaenda utawani kudai ayafute maneno yake. Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa watu waliokuja kusikia akiomba radhi. Aliyarudia, kwa ukali zaidi.

Mmoja wa waliokuwa na wenyeji chini ya amri yake katika visiwa vile alikuwa padri Bartolomé de las Casas. Aliwaachia mwaka 1514 na akatumia maisha yake yote kuwatetea. Lakini katika kuwatetea, alishauri waletwe watumwa Waafrika badala yao, ushauri ambao baadaye aliujutia kwa kalamu yake mwenyewe. Nakutajia hili kwa sababu hata mwenye rula mkononi anaweza kuisoma vibaya, na waliolipia kosa lake ni watu wa bara letu.

Sasa, njia ziliachana wapi? Kwa karne tatu za mwanzo Wakristo hawakuwa na upanga wa kuushika. Si kwamba walikuwa malaika. Barua za mitume zenyewe zimejaa magomvi yao. Ila neno la Yesu kwa mfuasi wake, "Rudisha upanga wako mahali pake," lilichukuliwa na wengi wao jinsi lilivyo. Mwaka 295, Afrika Kaskazini, kijana Maximilian alikataa kuandikishwa jeshini kwa sababu ni Mkristo, akauawa. Miaka 17 baadaye Kaisari Konstantino akaupokea msalaba kama alama ya ushindi vitani, na swali likageuka. Kabla yake Mkristo alijiuliza afanye nini upanga unapomjia. Baada yake akaanza kujiuliza autumie kwa ajili ya nani.

Agostino, askofu wa Afrika Kaskazini ambaye namheshimu kuliko karibu wanateolojia wote, alianza kwa kukataa watu washurutishwe katika imani. Kisha, katika ugomvi na Wadonatisti, Wakristo wa huko waliojitenga na Kanisa, akabadili msimamo. Alilichukua neno la mfano wa karamu katika Injili ya Luka, "uwashurutishe kuingia ndani," akalifanya ruhusa ya kutumia nguvu za dola. Yeye mwenyewe hakutaka mtu auawe. Lakini mlango aliouacha wazi kidogo, waliokuja baadaye waliupitia na farasi wao.

Hapa natofautiana na baadhi ya wenzangu wanaosema kwamba dini ilikuwa bendera tu na sababu halisi zilikuwa ardhi na mali. Kwa Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648, nakubali kwa sehemu kubwa. Vilianza kama ugomvi wa Wakatoliki na Waprotestanti, lakini Ufaransa ya Kikatoliki, ikiongozwa na kadinali, Richelieu, iliwapa fedha Waswidi Walutheri wapigane na Wakatoliki wa ukoo wa kifalme wa Habsburg. Hesabu ya imani pale haipo. Kwa Vita vya Msalaba, sikubali. Papa Urbano wa Pili, kule Clermont mwaka 1095, alitangaza kwamba safari ile yenye silaha ingehesabiwa kuwa toba kamili kwa mwenye kwenda kwa ibada. Mtu aliyeogopa hukumu ya Mungu kwa sababu ya kuua aliambiwa kwamba kuna kuua kunakoitimiza toba yake. Hilo ni fundisho, lilitoka kinywani mwa kiongozi wa Kanisa, na lazima tulibebe kama fundisho.

Habari ya watumwa inafuata njia ileile, hivyo nitaipita haraka. Mwaka 1452 Papa Nikolao wa Tano alimruhusu mfalme wa Ureno kuwatia wapagani katika utumwa wa kudumu. Mwaka 1688, kule Germantown, Pennsylvania, Wakwekeri wanne, Wakristo wa dhehebu linalokataa vita, walitia sahihi waraka wa kupinga utumwa, na hoja yao ilikuwa sentensi ya Yesu kuhusu kuwatendea watu unavyotaka kutendewa. Walipokutana London mwaka 1787 watu 12 kuanzisha kamati ya kukomesha biashara hiyo, 9 kati yao walikuwa Wakwekeri, watu ambao kwa imani yao walikuwa wamefungiwa milango ya bunge na vyuo vikuu vya Uingereza. Na bado mwaka 1845 Wabaptisti wa kusini mwa Marekani walijitenga na wenzao wa kaskazini ili mwenye watumwa asizuiwe kuwa mmisionari. Walikuja kuomba radhi rasmi mwaka 1995, miaka 150 baadaye.

Mwenzako ametaja Rwanda. Hiyo siwezi kuipita haraka.

Mwaka 1994 karibu watu tisa kati ya kila kumi nchini humo walikuwa Wakristo, wengi wao Wakatoliki. Katika siku mia hivi waliuawa zaidi ya watu 800,000, na wengi waliuawa makanisani, kwa sababu walikimbilia huko. Katika miaka ya nyuma waliokimbilia kanisani walikuwa wamepona, basi wakaamini. Katika kanisa la Nyange walikusanyika Watutsi wasiopungua 1,500. Padri wao alikuwa Athanase Seromba. Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha ilithibitisha kwamba kanisa lile lilibomolewa kwa tingatinga juu ya watu waliokuwamo, na kwamba padri huyo, alipoulizwa, alimwonyesha dereva upande wa jengo uliokuwa dhaifu. Mwaka 2008, katika rufaa, alihukumiwa kifungo cha maisha.

Nimeisoma hukumu ile zaidi ya mara moja. Kila ninapofika kwenye upande dhaifu wa jengo nasimama. Kuujua upande dhaifu wa kanisa ni ujuzi wa mtu aliyelitunza, aliyejua linapovuja na ukuta upi una ufa. Ujuzi wa mchungaji ndio uliotumika.

Ilifikaje huko? Askofu mkuu wa Kigali alikuwa, kwa miaka mingi, mjumbe wa Kamati Kuu ya chama tawala. Wamisionari wa awali walikuwa wamesaidia kuwapanga watu wa lugha moja katika ngazi za ubora wa ukoo, kwanza wakiwapendelea Watutsi, baadaye upepo ulipogeuka wakiwaunga mkono Wahutu. Kanisa na dola vilikuwa vimekaa meza moja kwa muda mrefu hata, siku dola ilipoamua kuua, mapadri wengi hawakuwa na sauti yao wenyewe ya kusema nayo. Waislamu wa Rwanda, waliokuwa wachache na mbali na meza hiyo, wengi wao wanakumbukwa hadi leo kwa kukataa kushiriki na kwa kuwaficha waliowindwa. Mkristo anapaswa kulisema hili bila kusukumwa.

Na Aprili ya mwaka uohuo, mjini Gisenyi, alikuwepo Felicité Niyitegeka, Mhutu, mwanamke aliyejitoa kwa utumishi wa Kanisa. Alikuwa amewaficha Watutsi zaidi ya 40 na alikuwa akiwavusha wengine mpaka kwenda Kongo. Kaka yake alikuwa ofisa mkubwa jeshini. Alipopata habari kwamba dada yake yuko hatarini alimtumia ujumbe ajiokoe. Felicité alimjibu kwa barua kwamba kuliko kupona kwa kuwaacha watu aliopewa kuwatunza, atakufa nao. Walichukuliwa pamoja, wakauawa pamoja.

Seromba na Felicité walisali sala moja, kwa lugha moja, chini ya maaskofu wa nchi moja. Ukiniuliza nani kati yao anauwakilisha Ukristo, nakujibu kama mwanahistoria: wote wawili. Ukiniuliza nani kati yao aliutii, mtoto wa darasa la kipaimara anaweza kukujibu, na ni muhimu kwamba anaweza. Katika kile alichofundishwa hamna sehemu ya kumwonyesha dereva ukuta dhaifu.

Mwenzako anaweza kukutajia Mathayo 10, "Sikuja kuleta amani, bali upanga." Mwambie asome mistari inayofuata: ni habari ya nyumba kugawanyika, baba na mwana, mama na binti, kwa sababu mmoja amemfuata Yesu. Upanga ule unamkuta mwanafunzi, hapewi aushike.

Upande wa amani nao una miji na tarehe, ingawa amani haiachi magofu ya kupigwa picha. Msumbiji ilikuwa imepigana tangu 1977, na watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa kwa risasi na njaa. Serikali ya chama cha Frelimo haikutaka hata kulitaja jina la waasi wa Renamo kama chama, iliwaita majambazi. Aliyewaleta pamoja hakuwa na jeshi wala hazina. Ilikuwa Jumuiya ya Sant'Egidio ya Roma, kundi la walei lililoanzishwa na wanafunzi wa sekondari mwaka 1968, pamoja na Jaime Gonçalves, askofu mkuu wa Beira, aliyekuwa amemfuata kiongozi wa Renamo, Afonso Dhlakama, porini kuzungumza naye ana kwa ana. Mazungumzo yalianza Julai 1990 katika nyumba ya zamani ya watawa, yakachukua miezi 27. Tarehe 4 Oktoba 1992 Rais Chissano na Dhlakama wakatia sahihi. Amani ile ilikuja kutikisika tena miaka 20 baadaye, nalijua hilo. Lakini mtoto aliyezaliwa Msumbiji mwaka 1993 alifika ujana bila kuijua vita ile.

Angalia kilichowawezesha wapatanishi hao. Hawakuwa na kitu cha kumtishia mtu. Frelimo waliweza kuketi pale bila kuonekana wamesalimu amri kwa dola fulani, na Renamo waliweza kuingia bila kuogopa kukamatwa. Udhaifu wao ulikuwa ndiyo sifa yao ya kazi, na hapa naiona tena njia ya Martino, ya Wakwekeri wasio na viti bungeni, ya Felicité.

Basi mwenzako ukikutana naye, mpe haki yake kwanza. Mkubalie Yerusalemu, mkubalie 1452, mkubalie Nyange, bila "lakini" ya haraka. Kisha mjibu lile la rula: rula hukuitengeneza wewe ili kujisafisha. Ilikuwa chumbani kila mara, mkononi mwa mtu aliyeipima damu ile siku ileile ilipomwagwa, na waliomwaga walimsikia.

Atakuuliza, kama ni hivyo, mbona waliokataa walikuwa wachache kila mara. Hilo ndilo swali linaloninyima usingizi mimi, na nakushauri usimpe jibu jepesi. Ninachoweza kukupa ni kitu kingine kuhusu Martino. Katika siku zake za Trier, Maximus alimwalika karamuni akamketisha karibu naye. Mtumishi alileta kikombe kwa kaisari, kaisari akaagiza apewe askofu kwanza, akitegemea kukipokea kutoka mkononi mwake. Martino akanywa. Kisha akageuka, akampa kikombe padri aliyekuja naye.